Chasisi Tupu Haibebwi Kama Mzigo wa Kuni

Hotuba kwa mafundi na kwa wote wenye motokaa za zamani

Wazee husema ya kuwa mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Anayeutazama mzigo kwa mbali hudhani ni mwepesi, bali anayeubeba ndiye aujuaye uzito wake. Neno hilo lafaa sana kwa chasisi ya motokaa iliyovuliwa kila kitu, yaani ile mifupa ya chuma inayobaki baada ya kuondolewa bodi, injini, giaboksi na viti. Mtu aliyezoea kuiona motokaa nzima huitazama chasisi tupu, akaidharau. Huona vyuma viwili virefu, na vingine vifupi vilivyokingama katikati kama vipandio vya ngazi, naye husema, "Iteni vijana wanne, tuitupe juu ya pikapu, twende zetu."

Katika maneno hayo mna hatari tatu, na kila moja yastahili kuangaliwa. Ya kwanza ni hatari ya watu: mguu kuvunjika, kidole kukatika, au mtu kubanwa na chuma kinachoteremka chenyewe. Ya pili ni hatari ya chasisi: chuma kilichokuwa kimenyooka chaweza kupindika, na motokaa itakayojengwa juu yake haitakwenda sawa tena, hata ikipewa injini mpya. Ya tatu ni hatari ya jina: kila chasisi ina namba yake, na namba hiyo ikipotea, mwenye mali aweza kubaki na motokaa nzuri isiyokuwa na haki ya kwenda barabarani.

Wako watu wengi katika Kenya wanaotaka kuzifufua motokaa za baba zao. Wengine huzifanyia kazi shambani, na wengine hutaka tu ukumbusho wa mzee usioze chini ya mti. Kazi hiyo ni njema, nayo ina gharama kubwa. Haifai gharama hiyo ipotee kwa safari ya siku moja kutoka nyumbani hata gereji. Mfano utakaotumika hapa ni Land Rover, kwa sababu ni motokaa ya kale ijulikanayo sana mijini na mashambani. Lakini mengi ya haya yafaa pia kwa lori na kwa kila motokaa ambayo chasisi yake ni kitu mbali na bodi.

CHASISI YA LAND ROVER ILIVYO

Motokaa nyingi ndogo za siku hizi hazina chasisi ya peke yake. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba injini, magurudumu na watu. Land Rover za zamani sivyo zilivyo. Motokaa hiyo ilionyeshwa kwa watu mara ya kwanza tarehe 30 Aprili, 1948, katika maonyesho ya motokaa ya Amsterdam. Ilitengenezwa na kampuni ya Rover, katika mji wa Solihull, Uingereza. Wakati ule Vita Kuu ya Pili ilikuwa imekwisha, lakini chuma kilikuwa bado haba, na serikali ya huko ilikigawa kwa kipimo. Basi bodi ya motokaa hii ikatengenezwa kwa madini mepesi yaliyotokana na alumini, ambayo hayaliwi na kutu kama chuma.

Chasisi ilibidi iwe ya chuma, ili ipate nguvu. Mafundi walichukua mabamba marefu ya chuma, wakayachomelea manne manne, hata kila muhimili ukawa kama sanduku refu lenye uwazi ndani. Namna hiyo ya kujenga ilileta chasisi yenye nguvu nyingi, wala haikuhitaji mashine kubwa za kukandamiza chuma.

Katika uwazi huo ndimo adui alimojificha. Tope la barabara za murram huingia ndani ya muhimili, likakaa humo na maji yake. Huko Pwani huongezeka chumvi ya bahari. Kutu hula chuma kutoka ndani kwenda nje, huku rangi ya nje ikionekana nzuri. Ndiyo sababu ni jambo la kawaida kuona Land Rover ya miaka 60 ambayo bodi yake ya alumini ingali nzima, na chini yake chasisi imetoboka kama kitambaa kilicholiwa na mchwa.

Tena chasisi hizi si za kipimo kimoja. Land Rover za kwanza zilikuwa na inchi 80 kutoka ekseli ya mbele hata ekseli ya nyuma. Katika mwaka 1954 zikaja za inchi 86 na za inchi 107, na tangu mwaka 1956 zikaanza zile za inchi 88 na 109, ambazo ndizo zilizodumu miaka mingi. Katika miaka ya 1970 kiwanda cha Leyland kilianzishwa Thika, na Land Rover zikaunganishwa hapo kwa vipande vilivyotoka ng'ambo. Mwenye kutaka kuhamisha chasisi na ajue kwanza anayo ya kipimo gani, maana hicho ndicho kitakachomwambia atafute gari gani la kuichukua.

KABLA YA KUIVUA NA KUIINUA

Kazi ya kuhamisha huanza siku nyingi kabla ya safari. Huanza wakati bodi ingali juu ya chasisi.

Jambo la kwanza ni kuisikiliza chasisi. Fundi huchukua nyundo ndogo, akagonga polepole kila mahali, kutoka mbele hata nyuma, juu, chini na ubavuni. Chuma kizima hulia kwa sauti kali. Chuma kilicholiwa hutoa sauti nzito, au nyundo huzama. Kila mahali palipo dhaifu hutiwa alama ya chaki au ya rangi. Mahali pa kuangaliwa sana ni muhimili wa nyuma kabisa, sehemu zinazoshika springi, na ile mikono mifupi itokayo ubavuni kuchukua bodi. Mikono hiyo ya ubavuni huoza upesi, nayo ndiyo ambayo kila mtu hukimbilia kuishika wakati wa kuinua. Chasisi haiinuliwi kwa mikono hiyo kamwe. Huinuliwa kwa mihimili yake miwili mikubwa.

Jambo la pili ni kupima. Bodi, injini na giaboksi, zikiwa zimefungwa kwa bolti zake, husaidia kuishikilia chasisi isijipinde. Vikiondolewa vyote, chasisi iliyoliwa na kutu yaweza kulegea, hata kukunjika katikati. Kwa hiyo fundi mwenye akili huchagua alama nne juu ya chasisi, mbili za kulia na mbili za kushoto zilizo mkabala, kwa mfano matundu ya bolti za springi. Hupima kutoka alama ya mbele kulia hata ya nyuma kushoto, kisha kutoka ya mbele kushoto hata ya nyuma kulia. Vipimo hivyo viwili vikiwa sawa, chasisi haikupindika upande. Akitaka kujua kama haikusokoteka, huiweka juu ya vigogo vilivyosawazishwa kwa pima-maji, akaangalia kimo cha kila pembe. Vipimo vyote huandikwa katika daftari pamoja na tarehe. Kichwani hakuna daftari. Aliyeyategemea macho yake tu leo, kesho hubishana na wenzake.

Jambo la tatu ni kuifunga bandeji. Ikiwa muhimili umeoza sana mahali pamoja, fundi huchomelea kipande cha chuma madhubuti kando yake, toka sehemu nzima hata sehemu nzima nyingine, kabla bodi haijatolewa. Kipande hicho si matengenezo. Ni kama banzi afungwalo mtu aliyevunjika mguu, ili apelekwe hospitali bila mfupa kuhama. Kitaondolewa baadaye katika gereji. Na kabla ya kuchomelea lo lote, tangi la petroli huondolewa na kuwekwa mbali. Tangi lililo tupu ni la hatari kuliko lililojaa, kwa sababu mvuke wa petroli uliobaki ndani hulipuka ukiguswa na cheche moja.

Jambo la nne ni kuisoma namba. Hilo litaelezwa mbele.

BREKI INAYOONDOKA BILA KUAGA

Wako watu wanaopenda kuihamisha chasisi ikiwa bado na ekseli na magurudumu yake. Shauri hilo ni jema. Chasisi yenye magurudumu husukumwa na watu wawili au watatu, nayo hupandishwa juu ya trela kwa winchi bila kubebwa. Kwa hiyo yafaa magurudumu yawe kitu cha mwisho kuondolewa, tena yaondolewe katika gereji, si nyumbani.

Lakini yako hatari hapa ambayo wengi hawaijui. Katika motokaa nyingi breki ya mkono hushika magurudumu ya nyuma. Katika Land Rover za zamani sivyo. Breki yake ya mkono imefungwa nyuma ya giaboksi, nayo huishika shafti ile inayopeleka nguvu kwenye ekseli ya nyuma. Shafti ikizuiwa, magurudumu huzuiwa nayo. Sasa fikiri litokealo fundi akiondoa giaboksi, au akiondoa shafti hiyo peke yake. Breki ya mkono imekwisha. Na kwa kuwa mabomba ya mafuta ya breki ya mguu huwa yamekwisha kufunguliwa pia, chasisi hiyo yasimama juu ya magurudumu manne bila kitu cho chote cha kuizuia.

Chasisi ya namna hiyo, ikiwekwa mahali penye mteremko mdogo usioonekana kwa macho, hungoja kuguswa tu. Mtoto akiegemea, au upepo ukisukuma turubai lililoifunika, huanza kwenda. Nayo ikianza kwenda, hakuna mwenye nguvu za kuishika kwa mikono. Kwa hiyo kabari za mti huwekwa mbele na nyuma ya magurudumu kabla shafti haijafunguliwa, wala haziondolewi mpaka kamba ya winchi iwe imekaza. Mtu hasimami chini ya mteremko nyuma ya chasisi inayopandishwa, wala hasimami kando ya waya uliokaza, maana waya ukikatika hurudi kama kiboko.

Tena chasisi isiyo na breki haivutwi kwa kamba barabarani nyuma ya gari lingine. Hata kama usukani wake ungali mzima na yupo mtu wa kuushika, gari la mbele likipunguza mwendo, chasisi haitapunguza. Itafika pale pale lilipo gari la mbele, na mtu aliye juu yake hana mlango, hana kioo, wala hana mahali pa kujificha.

SAFARI YA MZEE WA NYAHURURU

Tuseme yuko mzee mmoja wa karibu na Nyahururu, mwenye Land Rover ya mwaka 1964 ya inchi 88. Zamani ilichukua maziwa na mbegu za viazi, kisha ikasimama miaka mingi. Mzee ameuza ng'ombe wawili ili itengenezwe, na gereji anayoitaka iko Nakuru. Magurudumu na ekseli vimekwisha kutolewa. Fundi kijana amekuja na shauri.

"Mzee, pikapu ya jirani ipo tayari, wala hataki pesa nyingi."

"Mwanangu, pikapu hiyo ina futi ngapi nyuma?"

"Yapata futi 7, Mzee."

"Na chasisi?"

Kijana anachukua utepe na kupima. "Imezidi futi 11."

"Basi futi 4 na zaidi zitaning'inia nje. Nawe wajua barabara ya Subukia inavyoteremka na kupinda."

Mzee huyo amesema kweli. Chasisi inayoning'inia nyuma ya gari hurushwa juu na chini katika kila shimo. Sehemu iliyo ndani hukaa. Sehemu iliyo nje hucheza. Na mahali pa kukutana hizo mbili, penye ukingo wa bodi ya pikapu, ndipo chuma dhaifu kitakapokunjika. Tena uzito ulio nyuma sana huinua pua ya gari, na magurudumu ya mbele yasiposhika barabara sawasawa, usukani hauna kazi. Zaidi ya hayo, mwendesha pikipiki anayefuata nyuma wakati wa magharibi hawezi kuziona ncha mbili za chuma zilizotokeza mbele yake.

Basi mzee akodishe lori au trela ambayo sakafu yake ni ndefu kuliko chasisi. Kodi yake ni kubwa kidogo, lakini ni ndogo kuliko bei ya chasisi nyingine, wala hailinganishwi na bei ya mtu.

Siku ya kupakia, watu wane wenye nguvu waweza kuiinua chasisi ya inchi 88, lakini sita ni bora, ili mmoja akiteleza wengine wasivunjwe mgongo. Chasisi ya inchi 109 yataka watu zaidi. Wote na wavae viatu madhubuti na glavu za ngozi, kwa sababu kutu ina makali ya kukata kama wembe. Awepo mtu mmoja tu wa kutoa amri, naye asibebe. Yeye ndiye asemaye "Inueni," "Nendeni," "Simameni," na "Shusheni." Wakiwa wawili wenye kutoa amri, upande mmoja utashusha huku mwingine ukiinua, na hapo ndipo vidole vinapobaki chini ya chuma. Njia ya kupita hufagiliwa mapema. Mawe, spana na watoto huondolewa. Kila mtu hukunja magoti, akainuka kwa nguvu za miguu, mgongo wake ukiwa umenyooka. Hakuna kurudi kinyumenyume kwa hatua nyingi. Aliyechoka aseme wakati nguvu zingalipo, si zilipokwisha.

Juu ya lori chasisi hailazwi juu ya sakafu tupu. Huwekwa juu ya vigogo vya mti vyenye kimo sawa, viwili mbele na viwili nyuma, chini ya sehemu za muhimili zilizo nzima, wala si katikati peke yake. Pembe zote nne zibebwe sawasawa. Pembe moja ikiachwa hewani, chasisi itasokoteka kidogo kidogo kwa kila mtikisiko, na atakayeshuka Nakuru siye aliyepanda Nyahururu.

Kufunga nako kuna ujuzi wake. Mikanda au minyororo hupitishwa juu ya muhimili mkubwa na kuvutwa pande mbili, mbele na nyuma, ili chasisi isiende mbele lori likipiga breki wala isirudi lori likipanda. Kati ya mkanda na ukingo wa chuma huwekwa kipande cha tairi kuukuu, maana ukingo wenye kutu hukata mkanda kama msumeno. Kamba ya katani haifai kazi hii. Hulegea ikinyeshewa na kukauka. Lakini ikiwa chasisi inasafiri juu ya magurudumu yake, mikanda hufungwa kwenye ekseli, si kwenye chasisi. Sababu yake ni springi. Lori likiruka, springi hujikunja na mkanda uliofungwa juu hulegea. Likiruka tena, mkanda huchomoka.

Baada ya mwendo mfupi dereva husimama, akaangalia mikanda yote, akaikaza tena. Hufanya hivyo kila mara kabla ya mteremko mkubwa. Wala mtu ye yote asikae nyuma pamoja na chasisi "ili aishike." Chasisi iliyofungwa vyema haihitaji kushikwa, na ile iliyofungwa vibaya haishikiki.

NAMBA NA KITABU CHA GARI

Sasa ni neno la jina. Kila chasisi hupewa namba kiwandani. Katika Land Rover nyingi za miaka ya 1960 na 1970 namba hiyo imepigwa katika chuma upande wa kulia, mbele, karibu na mahali springi ilipofungwa. Kuna pia kibati chenye namba ndani ya motokaa. Namba hiyo ndiyo iliyoandikwa katika kitabu cha gari, na ndiyo ambayo afisa huitafuta akitaka kujua kama mali ni ya mtu au imeibwa.

Angalia basi ilipo. Mbele, karibu na springi, ni moja ya mahali panapoliwa sana na kutu. Fundi asiyejua huchukua mashine ya kusaga, akasafisha mpaka chuma king'ae, na namba ikaenda pamoja na kutu. Mwingine hukata kipande chote kilichooza, akachomelea kipya, akatupa cha zamani. Hakukusudia uovu wo wote, lakini kwa macho ya sheria chasisi isiyo na namba hufanana na ile iliyofutwa namba na mwizi.

Kwa hiyo kabla chasisi haijaondoka nyumbani, namba husomwa mbele ya mashahidi, hulinganishwa na kitabu, nayo hupigwa picha pamoja na chasisi nzima. Mahali pake hufunikwa kwa utepe madhubuti, na fundi huambiwa waziwazi asipaguse bila ruhusa. Siku ya safari nakala ya kitabu huwekwa katika lori pamoja na barua fupi ya mwenye mali, yenye kueleza chasisi yatoka wapi na yaenda gereji gani. Polisi akisimamisha lori na kuona mifupa ya motokaa isiyo na bodi wala bamba la namba, ana haki ya kuuliza. Mwenye karatasi hujibu kwa dakika mbili. Asiye na karatasi huenda kujibu kituoni. Na ikiwa italazimu kubadili chasisi yote, yampasa mwenye mali apeleke habari kwa NTSA, ambao ndio wenye kuweka daftari la motokaa zote za Kenya, kabla hajairudisha barabarani.

Thamani ya jina yaonekana katika habari moja ya Uingereza. Moja ya zile Land Rover zilizotengenezwa kabla ya kuanza kuuzwa, na kuonyeshwa Amsterdam mwaka 1948, ilipotea isijulikane iliko. Mara ya mwisho ilikuwa imetembea barabarani katika miaka ya 1960. Ikakaa miaka 20 katika shamba huko Wales, kisha ikanunuliwa na mtu aliyetaka kuitengeneza, lakini kazi haikumalizika, ikabaki bustanini. Ilipopatikana, ilikuwa maili chache tu kutoka Solihull ilikozaliwa. Mwezi wa Januari, 2018, kampuni ya Jaguar Land Rover ilitangaza ya kuwa itaitengeneza. Lakini kabla ya kutangaza, mafundi wake walikaa miezi wakichungua madaftari ya kale, ili wahakikishe ndiyo yenyewe na wajue imepitia mikono ya nani. Bila kumbukumbu zile lingekuwa chuma kikuukuu tu bustanini.

Habari hiyo ina fundisho la pili. Zile motokaa za majaribio za mwaka 1948 zilipewa chasisi zilizochovywa katika zinki, kama yalivyo mabati ya paa. Zile zilizofuata, zilizouzwa kwa watu, zilipakwa rangi tu. Ndiyo maana leo wengi wanaozifufua hupenda kuichovya chasisi katika zinki ikisha kutengenezwa.

IKIFIKA GEREJI

Safari haikwishi lori linaposimama. Chasisi hushushwa kwa amri ya mtu mmoja kama ilivyopakiwa, huwekwa juu ya vigogo vyenye kimo sawa, na daftari hufunguliwa. Vipimo vile vile vya nyumbani hupimwa tena. Vikiwa sawa, mwenye mali na fundi hutia sahihi. Vikiwa vimebadilika, hujulikana siku hiyo hiyo ya kuwa safari ndiyo iliyoharibu, wala hapana wa kusingiziwa baadaye. Hayo huokoa ugomvi mwingi kati ya wenye motokaa na mafundi.

Ikiwa chasisi itapulizwa mchanga ili kutu itoke, kazi hiyo ifanyike mbali na watu, na mwenye kuifanya afunikwe pua na kinywa kwa kifaa cha kupumulia kilicho cha kazi hiyo, si kitambaa. Vumbi la mchanga wa kawaida huingia mapafuni, likaleta ugonjwa wa silikosi, ambao hauna dawa ya kuuponya.

Na ikiwa itapelekwa kuchovywa katika zinki, ikumbukwe ya kwamba zinki hiyo ina moto wa kadiri ya digrii 450. Muhimili ulio kama sanduku, ukiwa umezibwa pande zote na una hewa au maji ndani, hulipuka ukizamishwa humo. Yapasa matundu yawepo kila mwisho, ili hewa itoke na zinki iingie. Fundi anayechomelea viraka vyote bila kuacha tundu huwatayarishia wengine kifo bila kujua. Kwa hiyo kabla ya safari hiyo ya pili, matundu huhesabiwa na kuonyeshwa kwa wenye kiwanda.

Hivyo ndivyo ilivyo kazi hii. Hakuna katika hayo yote jambo linalohitaji mali nyingi au elimu ya ng'ambo. Linalohitajika ni utepe wa kupimia, daftari, kabari nne, vigogo vilivyo sawa, vipande vya tairi kuukuu, mtu mmoja wa kutoa amri, na saa chache za subira. Motokaa iliyongoja miaka 30 chini ya mti yaweza kungoja siku mbili zaidi mpaka lori linalofaa lipatikane. Mwenda pole hajikwai, na chasisi iliyochukuliwa pole hufika ikiwa imenyooka, ina jina lake, na walioibeba wote wamerudi nyumbani kwa miguu yao.